Mtu Aliyekufa Kila Jumamosi

Mtu niliyemwona akipigwa risasi nikiwa na miaka minane, nilimkuta Louisville, Amerika, akinywa supu ya nyanya. Nilikuwa namlisha mimi mwenyewe, na nilikuwa nimemlisha wiki tatu bila kujua ninamlisha nani.

Ilikuwa mwaka 2015, alasiri, katika nyumba ya wazee nilikoajiriwa kuogesha, kuvisha na kulisha wale wasioweza tena kushika kijiko. Televisheni ya sebuleni ilikuwa inawaka tangu asubuhi, maana pale haizimwi hata kama hakuna anayeitazama. Saa zile kuna kituo kinachopenda kuonyesha sinema za zamani za farasi, vumbi na bastola. Sikuwa naangalia. Kilichonishtua ni sauti: gurudumu la kisima likilia taratibu, na upepo. Mwili wangu uliijua sauti ile kabla yangu mimi. Niliinua kichwa nikamwona mtu wa kofia nyeusi, kovu refu kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo, akitambaa kuelekea kisimani huku ameshika kifua.

Nikamgeukia mzee niliyekuwa namlisha. Kovu lilikuwa pale pale, limefifia, lina tone la supu juu yake.

"Huyo ni mimi," akasema, kama mtu anayekuonyesha picha ya harusi yake.

"Wewe ulikufa," nikamwambia.

"Mara nyingi," akajibu, akafungua mdomo apewe kijiko kingine. Hapo ndipo bakuli liliponiponyoka, supu ikammwagikia mapajani, na mimi badala ya kumfuta nikakimbilia chumba cha mashuka nikajifungia.

Mimi si mwanamke wa kuogopa ovyo. Nimeona maiti wengi, nimewafunika wengine kwa kitenge changu mwenyewe. Lakini sikuwahi kumwona hata mmoja akirudi kuomba supu. Nilikaa mle ndani najiuliza kama nimerogwa au nimechoka tu na shift mbili mfululizo.

Ili anayesoma asinione mwendawazimu, lazima nieleze ukumbi wetu. Tulikuwa Uvira, wakati nchi ikiitwa Zaire. Mapadri walikuwa na mashine ya sinema na mikanda michache, na mwendeshaji wa mashine ile alikuwa baba yangu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana madirisha ya ukumbi wa shule yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa, watoto tukaketi chini na wakubwa kwenye mabenchi. Filamu zilisema Kifaransa ambacho wengi hatukukijua, kwa hiyo baba, akishawasha mashine, alikwenda kusimama kando ya shuka na kipaza sauti cha betri, akawa anatusemea wao wote. Mwanamke wa kizungu alilia kwa sauti ya baba. Farasi nusura naye aseme kwa sauti ya baba.

Kwetu shujaa wa filamu aliitwa acteur, na adui yake aliitwa chef-bandit. Acteur hafi, chef-bandit lazima afe. Na mji mzima tulijua, kama tulivyojua kwamba jua linatokea upande wa Burundi, kuwa chef-bandit anakufa kweli. Walimtoa gerezani mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo, wakamvisha kofia nyeusi, wakampa farasi, na mwisho wa filamu wakampiga risasi, maana angepigwa hata hivyo. Tuliona ni haki kabisa. Baba alimwuliza padri mmoja kama ndivyo ilivyo. Padri alicheka akaenda zake, na kicheko kile tukakihesabu kuwa ndiyo.

Kwa sababu hiyo baba hakuwasha mkanda wa kisima bila kwanza kuvua kofia yake. "Tumuombee huyu ndugu mwenye atakufa leo," alisema, nasi tukasali Baba Yetu, ukumbi mzima, kwa ajili ya mzungu mwizi wa maji. Na alipofika kisimani, akaanguka kwa ubavu, akainua mkono mmoja, baba alibadilisha sauti na kumsemea maneno yake ya mwisho:

"Mumuambie mama asiniwekee chakula. Mihogo yenye niliiloweka mu mutoni, muitoe kesho, isioze. Na huyu mwenye amenipiga musimufanye kitu, naye mama yake anamungoja."

Wanawake walilia mpaka mtoto mchanga akaanza naye. Uani kwetu tulicheza sinema ile kila siku, na mimi niligombania kuwa chef-bandit, kwa ajili ya maneno yale tu. Niliyajua kuliko nilivyoijua Katekisimu.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa chumba cha nne upande wa kushoto, ana mto wenye maua na anapenda dirisha lifunguliwe kidogo.

Hofu ilipoisha nilishikwa na hasira, na hasira yangu inanijua, hatuhitaji kutambulishana. Nilijiona nimetapeliwa. Mume wangu alipigwa risasi barabarani tukikimbilia ziwani, akaanguka kwa ubavu, mkono juu, na mimi nilijua palepale kwamba hataamka. Niliwaburuta watoto nikaenda. Nilijifunza wapi kwamba mtu akianguka vile haamki? Ukumbini, kila Jumamosi. Na kumbe mwalimu wangu aliamka, akajikung'uta vumbi, akaenda kula.

Siku mbili nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nisiingie chumba kile. Siku ya tatu niliingia, nikafunga mlango, nikamwuliza: "Kwa nini uliamka?"

Akadhani ni mzaha, akacheka. Alipoona uso wangu aliacha. Nikamweleza yote, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: shuka, mablanketi, mfungwa aliyehukumiwa kifo, sala. Nilikuwa nataka aone haya. Lakini alishtuka kuliko mimi. Alinitazama mdomo wazi, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Mliniombea?"

"Kila Jumamosi."

"Watu wangapi?"

"Ukumbi wote. Watoto walikaa hata chini ya mashine."

Alifunika macho kwa mkono wenye madoa ya uzee. Mama yake mzazi, aliniambia, hakukubali kamwe kuingia sinema kumtazama. Majirani walimwambia mwanao ni mbaya kweli kweli, naye alijibu kwamba anamjua.

Kuanzia siku ile nilimpa dakika zangu za mapumziko. Alikuwa mzaliwa wa Kenmore, kando ya Buffalo, na aliposikia kwamba mimi mwaka wangu wa kwanza Amerika niliumaliza palepale, katika nyumba ya kupanga ambayo theluji ilifika hadi kitasa cha mlango, alitaka nimtajie kila mtaa. Mimi nilikuwa naujua mmoja tu, wa kituo cha basi la kwenda kiwandani. Kovu alilipata huko. Sisi watoto tulikuwa tumeamua kwamba alikatwa kisu na acteur katika ugomvi wa mwanamke. Kumbe alikuwa na miaka tisa, anateleza kwenye barafu, akaanguka, na kiatu cha chuma cha mwenzake kikampitia shavuni.

Kovu ndilo lililompa kazi. Alikwenda upande wa magharibi akitaka kucheza wanaume wa kupendwa, mtu mmoja akamtazama uso akampa kofia nyeusi, na kofia ile haikuvuliwa tena. Aliiba ng'ombe, akachoma makanisa, akapiga wajane makofi, filamu baada ya filamu, na katika kila moja akafa. Aliogopa farasi maisha yake yote. Alinifundisha jinsi ya kufa: unachagua mapema mahali pa kuangukia, unaondoa mawe, unatangulia kwa nyonga, unainua mkono mmoja ili macho ya watu yasiende kwenye kifua kinachopumua. Kufa kulipangwa asubuhi, kwa ajili ya mwanga, na mchana alikula meza moja na yule aliyemuua. Dukani wanawake walivuta watoto wao pembeni. Mwanamume mmoja alimzaba kofi kituo cha mafuta kwa ajili ya mjane ambaye hakuwahi kuishi. Sinema zile zilipopitwa na wakati akawa wa matangazo ya biashara, halafu hakuna kitu. Alikuja Louisville kwa sababu mke wake alikuwa wa huko, na mke akatangulia.

Nilimsikiliza huku nikimkata kucha. Nilikuwa bado nina hasira, lakini ilikuwa imeanza kutafuta pa kukaa.

Siku moja akaniuliza: "Baba yako alinisemea nini pale kisimani?"

"Kwani wewe ulisema nini?"

"Hakuna. Sikupewa hata neno moja. Maneno ya mwisho anapewa shujaa, au rafiki wa shujaa. Mbaya anaanguka tu, wapige muziki."

Nikamwambia yale maneno, kwanza kwa lugha yetu, kisha kwa Kiingereza. Alitaka niyarudie. Akayarudia yeye polepole, akiyaonja kama mtu anayejaribu meno mapya. Halafu akauliza mihogo ni nini na kwa nini yeye alikuwa ameiloweka. Nikamweleza kwamba mihogo ile ni michungu, ina sumu, inakaa kwenye maji siku kadhaa mpaka ilainike, na ukiisahau inaoza.

"Na mwizi wa jangwani alikuwa na mto gani?"

Nilicheka. Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa sijawahi kujiuliza. Yeye hakucheka.

"Sikiliza," akasema. "Nimesoma maandishi ya sinema maisha yangu yote, mazuri na ya hovyo. Mwandishi akitaka watu walie ataweka Mungu, ataweka mwanamke. Hawezi kuweka kitu ambacho lazima kitolewe majini kesho. Hayo hayakutungwa. Baba yako aliyasikia. Kamwulize ni ya nani."

Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba moyo wake hautaona majani yakianguka mwishoni mwa mwaka, na yeye alijua. Hakuomba padri wala wakili. Aliomba jambo hilo moja: ajue amekufa na maneno ya nani.

Baba yangu alikuwa Columbus, mtaa wa Linden, kwa kaka yangu. Nikampigia kaka kumweleza. Nilidhani atacheka.

"Usimuambie Papa," akasema.

"Juu ya nini, yaya?" nikamwuliza; kwetu yaya ni kaka mkubwa.

"Papa iko na pression ya damu. Docteur alisema asipate choc, asishituke. Iko anamuombea ile mutu kila asubuhi, mpaka leo, kwa jina ya chef-bandit. Leo umuambie hakukufaka? Na uanze kumuuliza maneno ya zamani? Atakufia mu mikono yako. Bon. Acha."

Niliacha. Wiki mbili niliacha. Kila siku mzee aliniuliza kwa macho tu, nami nikajifanya nashughulika na mapazia. Halafu akaanza kukataa supu. Ijumaa moja niliomba ruhusa kazini, nikaendesha gari hadi Columbus, njia nzima najiambia nakwenda kumsalimia tu mzazi.

Kaka alikuwa bado kazini kwenye ghala. Baba alikuwa jikoni amevaa koti lake la kanisani, maana huko Amerika analivaa hata ndani. Nikapiga moyo konde kabla sijavua viatu.

"Papa, ile chef-bandit wa kisima, unamukumbuka?"

"Namna gani nisimukumbuke?"

"Hakukufaka, Papa. Ilikuwa mchezo tu. Iko muzima. Iko Louisville, na miye njo ninamulisha."

Nilikuwa nimeshaangalia simu iko wapi, kama itabidi kuita ambulansi. Baba hakuanguka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Iko anakula?"

"Iko anakula kidogo."

"Iko anasema?"

"Iko anasema."

"Basi mumoja aliamuka," akasema, na akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, si barabarani, si kambini, si siku tulipomzika mama. Alilia kwa sauti, na mimi nilisimama pale na viatu vyangu kama mgeni.

Alipotulia nikamwuliza maneno yale ni ya nani. Alinitazama kana kwamba amelingoja swali hilo muda wote, na sasa limechelewa.

"Unipeleke kwake," akasema. "Nitasema mbele yake. Yeye njo aliyabeba."

Kaka aliporudi aligomba, akagomba na mimi, akagomba na mlango. Baba alikuwa amekwisha kuchukua dawa zake na Biblia. Kesho yake asubuhi tulikuwa barabarani, kaka akiendesha kuelekea Louisville.

Mzee tulimweka kitako kwa mito mitatu. Baba alisimama mlangoni, akavua kofia. Akakaribia kitanda, akanyoosha kidole, akakisimamisha hewani karibu na kifua cha mzee, upande wa kushoto, mahali risasi ilipoingilia. Mzee alielewa bila mkalimani. Alifungua mwenyewe vifungo viwili vya pajama, kwa shida, na baba akaweka kiganja pale. Palikuwa na ngozi tu na mbavu. Baba alitikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi nzuri, akaketi. Mimi nikakaa katikati kutafsiri.

"Ilikuwa yaya yangu," baba akasema. "Ni wakati wa maasi. Baaskari balimukamata ku njia, pembeni ya mutoni, eti alificha waasi. Miye nilikuwa mu majani, mbali kidogo tu. Balimupiga, akaanguka ku mbavu, akainua mukono. Akasema ile maneno yote. Baaskari bakadhani iko anasema nabo. Hapana. Alikuwa anaangalia ile majani. Alijua niko mule."

Nilitafsiri. Mzee alifumba macho, akaashiria niendelee.

"Balikataza kilio. Mwenye analilia muasi, naye ni muasi. Basi nilifika nyumbani, mama akaniuliza yaya yako iko wapi. Nikamuambia: amevuka ziwa. Iko Kigoma."

Hapo nilishindwa. Nilifungua mdomo na Kiingereza chote kilikuwa kimetoroka. Baba mkubwa wetu wa Kigoma. Nilikuwa nimekua na habari zake: alivuka, atarudi, labda ameoa huko. Tulipokuwa wakimbizi Tanzania nilimtafuta. Kila mzee aliyeingia kambini nilimwuliza, niliandikisha jina lake kwa watu wa msaada, nilitembea siku nzima na mtoto mgongoni kwa sababu mtu mmoja alisema amemwona mvuvi anayefanana naye. Jioni nilimletea baba habari hizo zote. Alinisikiliza na kuniambia pole, mwanangu.

"Anasema nini?" mzee akauliza. Nikajikaza, nikatafsiri, sauti yangu siitambui.

Mama yake, baba akaendelea, kila jioni aliweka sahani ya mwanawe aliyevuka ziwa, akaifunika kwa kawa. Niliikumbuka sahani ile. Tulikatazwa kuigusa. Miaka ilipita na baba hakuweza kumfikishia ujumbe, kwanza kwa kuogopa maaskari, baadaye kwa kumwogopa mama mwenyewe, kwa sababu kila sahani iliongeza uongo. Halafu mapadri wakapata mkanda wa kisima. Baba akaona mtu anaanguka kwa ubavu kando ya maji, anainua mkono, na hana neno. Akamwonea huruma, na palepale akaona njia. Jumamosi iliyofuata alimleta mama yake ukumbini, akamketisha benchi la mbele.

Mzee alinishika mkono. "Mwulize kama ujumbe ulifika."

"Ulifika," baba akasema. "Alisimama filamu haijaisha, akatoka. Ile jioni hakuweka tena sahani. Na kesho yake alihamia kwa dada yake. Hakunitukana, hakuniuliza kitu. Alikataa tu chakula ya nyumba yangu. Kila nilichomupelekea alikirudisha, mpaka alikufa. Alielewa nilimuacha aweke sahani bure, miaka yote ile. Nikarudilia ile maneno kila Jumamosi, nikisema labda atarudi tena ku benchi, labda anisamehe. Hakurudi."

Nilitafsiri mpaka mwisho. Kaka yangu alikuwa amegeukia ukuta. Mzee, pumzi inakoroma, akasema maneno yafuatayo, akiyatenga moja moja jinsi alivyozoea kazini: "Mwambie, mimi nimecheza watu wabaya maisha yangu yote. Nawajua kuanzia kofia mpaka viatu. Mwambie yeye si mmoja wao."

Baba alinigeukia, anangoja.

"Iko anasema asante," nikamwambia. "Amechoka. Twende."

Sijui nielezeje. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, na chini ya butwaa kulikuwa na hasira nyeusi. Nilimwona mwanamume aliyenitazama nikitembea na mtoto mgongoni kutafuta mfu, akaniambia pole. Sikutaka apewe zawadi ile, si siku ile, si kwa mdomo wangu. Mzee alinitazama. Hakujua Kiswahili, lakini alijua urefu wa mstari, na ule niliosema ulikuwa mfupi mno.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Iroquois hukohuko Louisville, nilikuwa nimeacha sombe ya majani ya mihogo na samaki tayari. Kwenye gari baba aliniuliza bila kunitazama: "Sasa unajua. Utaendelea kunipikia?" Sikujibu. Wakaamua kurudi Columbus palepale, na sikuwazuia.

Jumanne nilipoingia kazini kitanda cha chumba cha nne kilikuwa kimeshatandikwa upya. Alikuwa amefariki asubuhi, mwenzangu akaniambia, bila kusema kitu. Nilishika lile godoro lililofunikwa plastiki na baridi ikanipanda mikononi. Lakini maneno yake ya mwisho alikuwa amekwisha kuyasema mbele yetu, kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote. Aliniachia mimi nimpelekee baba, na mimi nilikuwa nimeyaficha siku tatu. Nilijihesabia siku zile nikashtuka jinsi zilivyopita kwa urahisi, jinsi nilivyolala na kuamka na kupiga mswaki nikiwa nayo mdomoni. Ndivyo inavyoanza, nikajiambia. Kesho, halafu kesho, halafu mtu anazeeka.

Sikumaliza zamu. Nilipitia nyumbani, nikachukua sombe, nikakamata barabara ya Columbus na sufuria limefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni. Baba alifungua mlango mwenyewe. Alitazama sufuria, akanitazama mimi, hakuthubutu kuuliza.

Nilimwandalia, nikamnawisha mikono, nikaketi mbele yake.

"Papa, ile muzungu amekufa. Leo ni kweli. Na kuna neno alikutumia ile siku, na miye nilikunyima."

Baba alirudisha tonge kwenye sahani.

"Sema," akasema.

Nikamwambia yote, kama yalivyotoka, bila kupunguza neno.